Theluji Haiko Molo

Ezra,

Salamu sikupi, kwa sababu uko chumba cha pili na ninakusikia. Ninakusikia ukicheka na wenzako waliokuja kukuaga, na ninamsikia mama yako akipiga pasi mashati ambayo alishayapiga jana. Mambo ya kula na kulala, ya kuvaa fulana mbili na kuandika barua kila mwezi, hayo atakuambia yeye, na akisahau shangazi zako watakukumbusha mpaka uchoke. Mimi sikuchukua kalamu kwa ajili ya fulana.

Nina hasira nawe. Nimekaa nayo siku nane nikidhani itapoa, na haikupoa. Kesho unapanda gari la moshi kwenda Mombasa, na kutoka Mombasa meli, na mimi sitaki hasira hii ibaki hapa Nakuru inifanye niwagombeze watu ambao hawajanikosea. Ichukue mwenyewe. Ni yako.

Jumamosi ile mbele ya kamati ya shule, watu kumi na mmoja wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamewafika kidevuni, uliniambia hivi: "Baba, kama una hesabu, iandike tuione. Kukisia si kazi." Wakacheka wote. Mwalimu Hezron, ambaye ni mwalimu mkuu na ndiye mwenye neno la mwisho katika kamati ile, alicheka mpaka akavua miwani. Hata mimi nilitoa meno nje, maana mtu akivuliwa nguo mbele ya watu na mwanawe wa kumzaa, afanye nini tena? Basi hesabu uliyoniomba ndiyo hii. Ni ndefu na hutaipenda.

Tuanze na paa lenyewe, usije ukasema mzee hakuelewa mchoro. Niliuelewa. Shule inajenga madarasa mawili yanayokutana kwenye pembe, na pale mapaa mawili yanapokutana panakuwa na bonde, maji ya pande zote mbili yanashukia hapo. Mchoro wangu mimi uliweka mbao mbili mbili chini ya bonde lile, na kila kenchi ya kubebea mabati nikaifunga ukutani kwa ukanda wa chuma. Wewe ukasimama na kile kitabu cha sheria za ujenzi ulichotumiwa kutoka Skotlandi ukisome kabla hujafika. Ukawaonyesha wanakamati ukurasa wa uzito: safu hii theluji, safu hii upepo. Ukasema fundi wetu amejenga kama mtu anayengojea theluji. Ukachukua kalamu nyekundu, ukapiga mstari, ukasema, "Theluji haiko Nakuru." Kisha ukapiga hesabu upya ubaoni kwa chaki, haraka, bila kufuta hata mara moja, na mbao zangu zikapungua karibu nusu. Mikanda ya chuma nayo ikaondoka, kwa sababu ulisema upepo ule wa kitabuni ni wa nchi iliyo kando ya bahari, na sisi bahari tumeiacha Mombasa.

Hesabu yako ilijumlika sawasawa. Nilikuwa nikiifuata kichwani mstari kwa mstari, nikitafuta pa kukushika, nisipate. Mwaka mmoja tu umechora kwenye ile ofisi ya mjini na tayari unajumlisha kuliko karani. Baba mwingine angejivuna. Mimi nilianza kuhesabu mbao ulizozitoa.

Rebeka anaingia darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Ni huyu huyu dada yako anayezunguka mlangoni kwako tangu asubuhi amekumbatia kofia yako ili usiweze kwenda. Darasa la kwanza ndilo la pembeni, na madawati ya mbele yatakuwa chini ya bonde lile. Watoto arobaini wameandikishwa. Hilo ndilo linaloniandikisha barua, Ezra. Kunitukana mbele ya watu ningekusamehe ukiwa bado hujafika Mombasa.

Neno lile ulilolisema niliwahi kulisema mimi, hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile ya mtu anayejipenda. Tofauti ni kwamba mimi nilisema Molo.

Mwaka uliozaliwa, vita vya pili vya Wajerumani vilikuwa ndio kwanza vimeanza, na wazungu wa kule juu walikuwa wakipanda pareto kila mahali, maua meupe mpaka ukingoni mwa msitu. Majeshi yalikuwa yakiitaka kwa dawa ya wadudu. Molo huwezi kuanika pareto juani ukaitegemea, kwa sababu jua lenyewe linakuja kama mgeni. Inataka nyumba ya kukaushia, yenye trei za waya juu na moto chini. Mzungu niliyemfanyia kazi tulimwita Bwana Makoti, kwa kuwa alivaa mawili, moja juu ya lingine, hata saa sita mchana. Aliwahi kukaa Kanada kabla ya kuja kwetu, na alikuja na kitabu cha sheria za kujenga za huko. Alikiweka mezani akanifungulia. Kila futi ya paa ibebe theluji kiasi hiki. Kwenye bonde la mapaa mawili ibebe zaidi, kwa sababu upepo huisukuma theluji ikaenda kujaa hapo. Upepo wenyewe kiasi hiki.

Mimi nilikuwa nimetoka karakana ya relwe, nimesoma mpaka darasa la sita, na kichwa kimevimba kama chako hivi. Usidhani hicho kiburi ulikinunua mahali, umekirithi. Mafundi wenzangu walikuwa wakipima kwa kamba, na mimi nasoma kitabu cha Kiingereza na bwana amesimama kando yangu! Nikaiangalia ile safu ya theluji, nikacheka, nikamwambia, "Theluji haiko Molo." Akacheka na yeye. Akanipiga bega. Wewe huwezi kujua mzungu kumpiga fundi bega mwaka ule lilikuwa jambo la namna gani. Nilitembea na lile bega juu siku tatu nikitaka watu waniulize. Nikapiga mstari juu ya theluji, ya paa na ya bonde, nikapunguza mbao. Bwana akasema hajawahi kupata Mwafrika anayefikiri.

Sikumuuliza mtu. Hapo pasome mara mbili. Palikuwa na wanawake wachumaji waliozaliwa kule kule juu, waliojua kila wingu kwa jina, na mimi nilikuwa nikiwapita na penseli sikioni. Na palikuwa na mzee mmoja wa msituni, Mwogiek, aliyezoea kuleta asali jikoni kwa bwana. Siku moja alisimama akalitazama lile bonde muda mrefu, kisha akaniuliza barafu ikijaa humo itatokea wapi. Nikadhani mzee haelewi mambo ya mabomba. Nikamjibu kwa dharau kwamba maji yatatokea pale, haoni bomba?

"Sikuuliza maji," akasema, akachukua kibuyu chake akaenda.

Nilicheka tena. Mwaka ule nilicheka sana.

Ilikuja alasiri, miezi mitano baadaye. Mvua ya mawe umeiona wewe, ya hapa, inayotoboa mahindi ya mama yako na kuyeyuka kabla hujamaliza kuishangaa. Ile ya Molo ilipiga kama nusu saa bila kupumua. Shamba lote likawa jeupe na si maua tena. Mawe yakateleza kwenye mabati ya pande mbili, yakashuka bondeni, yakajaa, yakaziba bomba. Halafu ikafuata mvua ya maji juu yake, na maji hayakuwa na pa kwenda. Yakasimama humo pamoja na barafu. Mimi nilikuwa chini ya kibanda cha matrekta, ng'ambo ya uwanja, na nikaanza kusikia mbao zikilia. Fundi hawezi kukosea sauti ile. Nilijua ni bonde na nilijua ni mstari wangu.

Wachumaji walikuwa wameshatoka mbio. Nyumba ingeweza kuanguka ikiwa tupu, tukaondoa mabati kesho yake, yakaisha. Lakini sikutaka ianguke, kwa sababu ilikuwa yangu na bwana alinipiga bega. Kando yangu alikuwa amesimama ndugu yangu Zakayo, baba yako mdogo, kibarua wa kugeuza trei, umri wake kumi na tisa kama wewe leo. Nikamwambia, "Chukua ile nguzo, ingia uegemeze bonde." Mvua ilikuwa inapiga kelele, ikabidi nimwambie tena. Akaichukua, akaingia. Hakuuliza kwa nini nisiingie mwenyewe. Mimi nilikuwa mkubwa wake.

Lilishuka akiwa chini yake na nguzo mikononi.

Unajua wewe nini kuhusu mguu uliolemaa wa baba yako mdogo? Unajua aligongwa na lori. Hakugongwa na lori. Lori ndilo lililompeleka hospitali, amelala juu ya magunia ya pareto, na mimi nimemshika kichwa.

Ngoja, hujafika pabaya. Kabla lori halijaondoka Bwana Makoti alikuja, akalizunguka lile rundo la mbao na mabati na barafu, akauliza imekuwaje. Nikaona macho yake yakitafuta mtu. Nikajua lazima jina moja litoke, na nikajua yeye hataki liwe lake, kwa kuwa alicheka pamoja nami. Nikamwambia Zakayo alipanda juu bila ruhusa kukwangua barafu, na uzito wake ndio uliovunja bonde. Bwana alikubali upesi mno, hata hakuuliza mtu anapandaje paani wakati mawe yanaanguka. Akaandika kwenye karatasi za Zakayo kwamba ni mzembe na asiandikwe kazi. Kutoka Molo mpaka Njoro, hakuna shamba lililomchukua tena. Mimi nilibaki pale miaka mitano. Nilijenga lile paa upya kwa mbao mbili mbili bondeni, na bwana hakuniuliza kwa nini, na kitabu cha Kanada hakikuonekana tena mezani.

Wewe ulikuwa na miezi minne. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yako. Nisikudanganye, nilifanya kwa ajili yangu, wewe nilikuweka mbele baadaye ili nipate usingizi.

Zakayo alisikia akiwa kitandani hospitalini, kuna mtu alimpelekea. Nilipofika alinitazama, akasema mama asijue. Hilo tu. Basi tukamwambia nyanya yako lori, nyanya yako akawaambia wengine, na lori likawa kweli. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa kwanza ndipo nikauficha, ndiyo maana unaona nimekulea vizuri na bado siwezi kukaa chumba kimoja na ndugu yangu.

Hujawahi kujiuliza? Kila Krismasi baba yako mdogo anakuja kutoka sokoni anakoshona viatu, anakaa nje kwenye benchi, anakutania wewe na Rebeka mpaka mnaanguka kwa kicheko, na mama yako akileta chakula, yeye ghafla anakumbuka kuna mteja anamngoja. Miaka kumi na tisa hajatia kitu mdomoni nyumbani kwangu, hata maji. Watu wa kwetu wanajua maana ya ndugu kukataa chakula cha ndugu. Wewe ulidhani ana shughuli nyingi.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza kwenye kamati. Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningesema, kijana, mimi nilishapiga mstari huo huo, na hivi ndivyo paa lilivyonijibu. Lakini kusema hivyo ni kumtoa Zakayo chini ya lile lori mbele ya watu kumi na mmoja, na sikuweza. Uliponyoosha kalamu nyekundu niliona kabisa mkono wangu, na nilikuchukia. Ndiyo, nilikuchukia mwanangu mwenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ikapita, ikabaki hasira.

Utasema nakuonea wivu. Nakuonea, kwa nini nisikuonee? Wewe kesho unapanda meli kwenda kusomea kile ambacho mimi nilikiokota chini ya meza ya mzungu. Lakini wivu haupunguzi uzito wa barafu.

Utasema pia Nakuru si Molo. Kweli. Ila mwaka ule wa mwisho ulipokuwa bweni, mawe yalijaa mfereji wa ghala moja la nafaka karibu na reli, nikaitwa kuyatoa kwa koleo, na saa nzima baada ya mvua yalikuwa bado yameshikana na bati. Nilisimama ndani yake hadi kifundoni. Si kila mwaka, na huenda si kila miaka kumi. Sasa wewe, mwenye hesabu, niambie Rebeka akae chini yake mwaka upi.

Na upepo. Ezra, umekulia hapa. Umekula vumbi la magadi la ziwani mwezi wa pili mpaka meno yakasaga, umeona mabati ya jirani yakivuka uwanja wa mpira, halafu unasimama na chaki kusema upepo ni wa watu wa baharini! Na kuna jambo lingine ambalo ubaoni hukuliona, nami nililiona kwa sababu ndio kazi yangu. Ulipotoa mbao paa likawa jepesi. Paa likiwa jepesi ndipo linahitaji kushikwa zaidi lisinyanyuke, na wewe siku hiyo hiyo, kwa kalamu hiyo hiyo, ukatoa na mikanda ya chuma. Kwa kitabu chako umepunguza mizigo miwili. Kwa jicho langu umelinyang'anya paa uzito na kamba kwa pamoja. Kama huko Skotlandi kuna mwalimu anayeweza kukuonyesha nimekosea hapo, niandikie, nitaomba radhi kwa barua.

Sikukaa kimya moja kwa moja. Jumanne nilikwenda kwa Mwalimu Hezron nikamwomba arudishe mbao za bonde na mikanda. Nilimwambia uzoefu unanionyesha hivyo. Alinisikiliza kwa adabu, akasema kamati imeshakubali mchoro wako, na kama mimi siwezi kuujenga, Fundi Barnaba ameshasema anaweza. Barnaba ni fundi mzuri, sina neno naye. Atajenga alichochorewa, msumari kwa msumari.

Basi Ijumaa nikaenda sokoni kwanza. Zakayo alikuwa akishona hivyo viatu utakavyovaa kesho. Nikasimama mbele yake kama mteja, nikamwambia nataka kwenda kusema habari za Molo, kwa sababu ya paa la shule, kwa sababu ya Rebeka. Hakuinua kichwa. Alivuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno.

"Mguu nilishakusamehe zamani," akasema. "Uongo ndio sijakusamehe. Nenda ukaseme."

Nikaenda. Nikamwambia Mwalimu Hezron yote, mlango umefungwa: mstari, mzee wa msituni, nguzo, na nilichomwambia bwana. Sijawahi kuongea mfululizo namna ile. Nilipomaliza alivua miwani, na safari hii hakucheka. Akasema, "Fundi, yaani umekuja kuniambia uliwahi kuangusha paa ukamsingizia ndugu yako, na kwa sababu hiyo nikuamini wewe badala ya kijana wako?"

Niliinuka nikatoka. Hebu niambie wewe msomi, ningejibu nini? Nilificha ukweli miaka kumi na tisa kwa kuogopa kwamba nikiusema watu hawataniamini tena, na siku nilipousema, hawakuniamini. Kazi amepewa Barnaba. Anaanza kukata mbao kesho kutwa. Mama yako nilimwambia usiku wa Ijumaa hiyo hiyo, asisikie kwa watu. Hajanijibu mpaka sasa. Hayo mashati hayana mkunjo, Ezra, anayapiga pasi ili asikae nami meza moja.

Kwa hiyo unaona tulipofika. Mimi nimeshasema na haikufaa kitu. Mchoro wa paa lile una jina moja chini yake, nalo ni lako. Hakuna mtu Nakuru nzima awezaye kuurudisha mchoro ule ila aliyeuchora.

Nilikuwa nataka kukuandikia habari za huko unakoenda, kama wazazi wafanyavyo, lakini huko mimi sijawahi kufika. Najua kitu kimoja tu. Huko theluji hutaifuta, watakucheka. Utafuta kitu kingine, kitu ambacho wao wamekiandika na wewe hukuwahi kukiona kwenu, au kitu ambacho kwao hakipo na wewe ulikizoea. Utakuwa mgeni mwenye kitabu kama Bwana Makoti. Ile namba ambayo huioni kazi yake, nadhani iliandikwa baada ya mtu kuangukiwa. Mtafute mtu anayeishi chini ya paa hilo, mchunga kondoo, mama muuza maziwa, yeyote, umuulize kabla hujanyanyua kalamu. Na ukimuuliza, nyamaza akujibu. Mimi mwenzio niliulizwa mimi, nikajibu upumbavu.

Nakupenda. Neno hilo ninaliandika kwa sababu sijawahi kulisema na kesho patakuwa na watu wengi. Halipunguzi hasira yangu hata chembe.

Sasa sikiliza. Gari la moshi linaondoka saa nne. Mwalimu Hezron hufungua ofisi saa moja na nusu. Ingia peke yako, bila hao wenzako wa kucheka. Mwambie mchoro una kosa na kosa ni lako, na uombe akurudishie. Usiseme baba amenituma, maana akisikia jina langu ataona ni mimi nasema kwa mdomo wako. Akikuuliza hesabu mpe, ubaoni, kwa chaki, kama siku ile. Mahali pa theluji andika mvua ya mawe, na pale bondeni usipunguze hata ratili moja. Rudisha mikanda ya chuma, na uandike ni kwa ajili ya upepo wa Nakuru. Kazi waache kwa Barnaba, siitaki tena. Utaona haya. Kabla hujafika stesheni kamati yote itakuwa imesikia kwamba kijana wa kwenda Skotlandi amekosea paa la madarasa mawili, na wengine watakuaga huku wakitabasamu. Vumilia. Mimi nilikwepa aibu ya asubuhi moja, na umeona ilikokwenda kukaa.

Nitakuwa ng'ambo ya barabara, karibu na muuza mkaa. Sitaingia na sitakuita. Nikikuona unaingia mlango ule, nitarudi nyumbani nilibebe sanduku lako begani mwenyewe mpaka stesheni, watu wote waone ninalibeba.

Nikikuona unapita moja kwa moja, sitakufuata. Panda gari lako, Mungu akutangulie, utabaki mwanangu. Lakini nimenakili majina ya wazazi wote walioandikisha watoto darasa la kwanza, na najua nyumba zao, za wafanyakazi wa relwe na za lokesheni, ule mtaa wa Waafrika. Nitakwenda mlango kwa mlango nikiwaambia nani alichora paa lile, na baba yake ni nani, na baba yake alifanya nini Molo. Nitaanza saa nne, gari likipiga filimbi.

Baba yako